Pumzi Chini ya Bomba

Gati ile ina hatua mia mbili na arobaini, na Bibi Chupa alizijua zote kwa magoti yake. Miaka kumi na mmoja, kila asubuhi, alikwenda mwisho wa gati na chupa zake kupima hewa ukaa iliyomo majini na iliyomo hewani juu yake. Tofauti ya hizo mbili ndiyo huonyesha bahari imemeza kiasi gani au imetapika kiasi gani. Kazi rahisi, husema watu ambao hawajaifanya.

Sharti lilikuwa moja, naye ndiye aliyewafundisha wote pale kituoni: ukishabonyeza kitufe mashine ivute hewa kwa bomba lake, ondoka, kasimame mbali kule upepo unakoelekea. Pumzi ya mtu imejaa hewa hiyo hiyo inayopimwa.

Dada yake alipofariki, akachukua likizo ya wiki mbili, na mlinzi wa kituo akamshikia kazi. Aliporudi alimkuta Mkuu wa kituo na kalamu nyekundu mkononi.

"Pole na msiba, mama. Sasa tazama mlinzi alivyotuharibia. Mwaka mzima hewa ukaa hewani iko juu, siku zake kumi na nne imeshuka ghafla. Ripoti inaondoka leo. Nafuta zake."

Mlinzi alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Mimi nilifanya kama nilivyofundishwa, Mkuu. Nabonyeza, natoka mbio. Lile dude linanguruma, silipendi hata kidogo."

Bibi Chupa akazitazama tarakimu, akaelewa. Mwaka mzima, tangu magoti yaanze kumgomea, alikuwa haendi tena mbali. Alibonyeza, akapindua ndoo, akaketi pale pale chini ya bomba akihema. Ni dakika tano tu, alijiambia. Kumbe bomba lilikuwa likivuta uchovu wake, na bahari ikaonekana imemeza kuliko ilivyomeza.

Alibakiza miezi minane astaafu. Akinyamaza, atakayeumia ni mlinzi, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alijionea haya kwa kuwaza hilo.

"Zake ndizo sahihi," alisema. "Za kufuta ni zangu."

"Zako? Mama, huo ni mwaka mzima!"

"Nilichoka, mwanangu. Nikawa napumzika chini ya bomba."

Mkuu akaiweka kalamu mezani. "Si ungesema upewe msaidizi?"

"Nilisema. Mara tatu. Barua zimo kwenye faili lako."

Bibi Chupa akavuta kiti, akaichukua kalamu, akaanza kukata kwa mstari kurasa za vipimo vyake mwenyewe moja baada ya nyingine. Penye nafasi ya sababu aliandika neno moja: uchovu. Mlinzi alikwisha kuzibeba chupa za siku ile, anaelekea gatini bila kuambiwa.

Alipomaliza ukurasa wa mwisho alishusha pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule haikupimwa na mtu.