Macho Yaliyotoka Kutazama Mbali

Siku ile mjinga alikuwa msahihishaji mwenyewe, na hadi leo hakatai. Asubuhi mkewe, fundi cherehani, alimwambia, "Mume wangu, uwe unainua kichwa. Mimi kila nikimaliza pindo hutazama barabarani."

"Macho hayabebi mizigo, mama. Yachoke kwa lipi?"

Akaenda zake kwenye kiwanda cha uchapaji, akainamisha pua hadi ikagusa karatasi. Kazi ilikuwa maelezo ya dawa ya macho, yale yanayokunjwa ndani ya boksi, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Akafika penye sentensi isemayo: ukisoma kwa muda mrefu, pumzika, tazama mbali. Akarekebisha mkato, akaendelea. Miaka yote yeye husoma mikato tu. Maana huwaachia wagonjwa.

Macho yake, lakini, yaliielewa. Yakainuka kutafuta mbali. Madirisha yote meneja alishayapaka rangi nyeupe, watu wasizubae saa za kazi. Macho yakagonga rangi, yakagonga tena, kisha yakatoka usoni, yakashuka mezani na kupita chini ya mlango.

Mpanga kurasa akafungua mlango, akachungulia nje. "Yako juu ya paa la ghala," alisema. "Yanatazama vilima. Yametulia kweli."

Msahihishaji akabaki amekaa, mikono mezani, hofu yake moja: yasiporudi, kiti chake kitapata mtu mwingine kabla hakijapoa.

Mchana mkewe alileta chakula. Alimtazama usoni, akaweka bakuli chini, akaenda kusimama chini ya ghala na kuyaita kama aitavyo kuku. Yakashuka. Akayapuliza vumbi, akamrudishia mumewe. "Haya, kula. Na mizigo hayabebi."

Jioni ile mume alisoma hadi nukta ya mwisho bila kufikicha macho.

Tangu hapo macho hutoka kila siku, na meneja hana neno, mradi yarudi. Ila masika yalipoingia, macho yakawa yanarudi yamelowa, mekundu, yakiwasha. Msahihishaji akapapasa ukuta hadi ofisini.

"Bosi, naomba tukwangue rangi kidogo kwenye dirisha langu. Yatazamie ndani, mvua isiyaharibu."

Meneja alimtazama usoni, palipokuwa patupu, akarudia chai yake.

"Macho yenyewe yako nje. Dirisha unamwombea nani?"