Utepe wa Tatu

Kila Jumamosi saa tisa mchana, Wakonyo alikuwa na saa moja yake mwenyewe katika Redio Nyika Saba, na saa hiyo aliitumia kupiga muziki ambao watangazaji wenzake hawakutaka hata kuugusa. Metali. Magitaa ya umeme yaliyokwaruza, ngoma zilizokwenda mbio kama mawe yanayomwagwa juu ya bati, na waimbaji walionguruma badala ya kuimba. Baba yake, mzee Githae, muuza misumari na mabati karibu na soko la Isiolo, alizima redio ya dukani kipindi kilipoanza na kuiwasha kilipokwisha. Wakonyo hakumlaumu. Lakini vijana waliojirekodi vyumbani mwao, wa Isiolo, wa Meru, hata wa Marsabit, walijua kuna mtu mmoja atakayewasikiliza mpaka mwisho, na wimbo ukiwa na kitu ndani, ataupiga.

Kundi alilolipenda zaidi lilitoka mtaa wa Kiwanjani. Walikuwa watatu: Aule mwimbaji, Dabasso wa gitaa, na Sharon wa ngoma, ambaye siku za kazi alisuka watu nywele. Walifanyia mazoezi katika banda la kuku lililoachwa, wakaziba kuta kwa magodoro makuukuu ili majirani wapate kupumua. Mwezi wa tatu walimletea Wakonyo wimbo mpya, "Utepe wa Tatu."

Aule alizaliwa upande wa Kipsing, na wimbo ulihusu kisima cha huko kwao. Kisima hicho kilikuwa kimezinduliwa mara tatu. Mara tatu mheshimiwa alifika na msafara, hema likasimamishwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Kila mara maji yalitoka kwa muda wa hotuba tu, kwa sababu yalitoka kwenye tangi lililojazwa na lori kabla ya wageni kufika. Msafara ukiondoka, akina mama walirudi kuchimba mchanga wa lugga, mto mkavu, kwa mikono.

Jumamosi iliyofuata Wakonyo aliupiga wimbo huo mara mbili, kwa sababu mama mmoja alipiga simu kutoka Kipsing.

"Hiyo kelele mimi sielewi," mama alisema. "Lakini hapo kijana anaongea Kiturkana, nimeskia yote. Rudia."

Jumatatu asubuhi meneja wa kituo, Kiarie, alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Kipindi chako kimeisha," alisema. "Wachungaji wamelalamika. Wanasema unaleta mambo ya shetani hewani."

"Wachungaji gani?"

"Wachungaji tu."

"Nitajie mmoja."

Kiarie alichezea kalamu. "Pasta Lobokat," alisema mwishowe, kisha akamsukumia karatasi.

Ilikuwa barua ya kuomba radhi, imeshachapwa, aisaini na kuisoma hewani Jumatatu iliyofuata. Ilisema kundi la Aule linaabudu shetani, na kwamba mtangazaji alipotoshwa. Wakonyo aliisoma mara mbili, masikio yakimwaka moto. Miaka miwili alikuwa amepiga nyimbo za makaburi, za damu, za mafuvu ya vichwa, na hakuna aliyemwambia neno. Shetani alikuwa amesubiri mpaka kisima kitajwe.

Hakusaini kitu. Alitoka na barua mkononi, akavuka mji kwa miguu juani, akipanga njia nzima maneno atakayomwambia huyo pasta.

Alimkuta peke yake kanisani, amepiga magoti, anapigilia misumari kwenye benchi lililovunjika. Pasta Lobokat alikuwa mtu wa makamo, mtoto wa wafugaji wa Kiturkana, na alikuwa na mahubiri yake Jumapili saa mbili asubuhi katika redio hiyohiyo.

"Habari, dada. Karibu."

"Pasta, sijakuja kwa wema," Wakonyo alisema, akampa barua. "Ungeniambia mimi mwenyewe. Hao vijana uliwasikiliza hata dakika moja kabla ya kuwaita watu wa shetani?"

Pasta alisoma taratibu, nyundo bado mkononi. "Mimi sijalalamika kwa mtu yeyote," alisema. "Hata hicho kipindi chako sijui kinakuja saa ngapi. Nani amesema ni mimi?"

"Kiarie."

Pasta akaondoa macho kwenye barua. "Niwekee huo wimbo."

Wakonyo aliuweka kwenye simu. Gitaa lilipoanza pasta alikunja uso kama mtu anayeng'olewa jino. "Huyu kijana anaumwa?" aliuliza.

"Hapana, pasta. Ndivyo wanavyoimba."

Kisha yakaja maneno ya Kiturkana. Pasta aliweka nyundo chini. Akaomba urudishwe nyuma, akasikiliza tena, na mara ya tatu akachukua peni na kuyaandika nyuma ya barua ileile ya Kiarie.

"Utepe wa pili nilikuwa pale," alisema bila kumtazama. "Mimi ndiye niliombea hicho kisima. Niliweka mkono kwa mfereji, nikamshukuru Mungu kwa maji ya lori. Niliona alama za magurudumu kwa mchanga, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeitwa kwa heshima." Alisimama. "Na sasa wanachukua jina langu tena, wafunike nalo."

Jumapili Wakonyo aliingia naye kituoni. Mitamboni alikuwa Kuria, fundi mpole aliyefanya alichoambiwa. Pasta aliketi nyuma ya kioo, akasalimia wasikilizaji, akasema leo atasoma maneno ya vijana wa Kiwanjani walioitwa watu wa shetani, ili kila mtu apime mwenyewe. Akayasoma kwa Kiswahili, polepole, bila gitaa wala ngurumo: utepe wa kwanza, hema, picha, tangi.

Simu ya Kuria ililia. Alisikiliza, akajibu "sawa," akabonyeza. Taa nyekundu juu ya mlango ikazimika, na tangazo la magodoro likaanza kwenda hewani.

"Kuria," Wakonyo alisema.

"Kiarie ameagiza mwenyewe," Kuria alijibu, macho kwenye mitambo. "Nifanye nini?"

Nyuma ya kioo pasta aliendelea kusema, mkono mmoja umeinuliwa, uso umelowa jasho. Wakonyo akafungua mlango, akamwambia wamekatwa hewani.

"Tangu lini?" pasta aliuliza.

"Tangu utepe wa pili."

Pasta alikunja karatasi. "Hapo ndipo nilikuwa nimeanza kujitaja mimi," alisema.

Wiki hiyo mahubiri yake yaliondolewa kwenye ratiba. Kiarie alimwekea Wakonyo nakala nyingine ya barua mezani kwa mara ya mwisho, naye akaiacha hapohapo, akachukua vikombe vyake na kaseti zake, akaenda kuuza misumari dukani kwa baba yake. Upande wa Kipsing lilipelekwa lori moja la maji na mpiga picha. Baada ya picha halikuonekana tena huko.

Jumamosi mbili baadaye, saa tisa mchana, Aule, Dabasso na Sharon walipiga nje ya kanisa, kwa spika za kanisa. Wakonyo aliwatambulisha mmoja mmoja. Pasta alikaa mstari wa mbele na pamba masikioni, na mzee Githae, aliyesema amepita tu, alisimama langoni mpaka mwisho. Watu walikuja wengi kuliko walivyotarajia, na wengi walirekodi kwa simu. Kufikia Jumatatu wimbo ulikuwa ukichezwa kila kona ya soko.

Jumanne Kiarie alimpigia Wakonyo dukani, sauti laini kama ya mtu anayekuja kukopa.

"Wasikilizaji wanauitisha," alisema. "Nitumie huo wimbo, tuupige. Na kipindi tunaweza kuongea. Lakini hiyo sehemu ya Kipsing muitoe. Sehemu hiyo ingine ni sawa tu."

"Na shetani je?" Wakonyo aliuliza.

Kiarie akakohoa. "Hayo tuwache."

"Wimbo ni Kipsing, Kiarie. Hiyo sehemu ingine ni gitaa." Alisikia mwenyewe jinsi sauti yake ilivyotetemeka, akaiacha itetemeke. "Ukiwa tayari kuupiga wote, na kusema hewani ni nani alikuambia uukate, unajua duka liko wapi."

Alikata simu, akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja, akamuuliza anataka misumari ya inchi ngapi.