Gitaa la Misibani

Mtaani kwao, fundi makochi akionekana amebeba gitaa, watu huulizana nani amefariki. Si uchawi, ni mazoea tu. Kwa miaka mingi yeye na wenzake wawili, muuza nyama anayepiga ngoma na msusi anayeimba, wamekuwa wakialikwa misibani na si kwingine. Harusi zina spika zinazotikisa mabati. Wao wana gitaa kavu lisilotaka umeme, ngoma moja na kayamba. Msibani ndiko kunakotakiwa sauti ya chini, basi wakawa mabingwa wa huzuni. Msusi akianza kuimba, hata mtu ambaye hakuwa akisemezana na marehemu anatafuta leso. Mtaa ukawabatiza jina la Wasindikizaji, na wao wakalipokea kama cheo.

Siku sista wa wodi ya watoto alipoingia karakana ya fundi, akapita katikati ya sponji na mbao na kuomba wapige kwenye hafla ya kuwachangia watoto wenye saratani, mwenyewe alikubali kabla sista hajamaliza kueleza. Dawa zilikuwa ghali, na akina mama waliotoka mbali walilala sakafuni chini ya vitanda vya watoto wao. Yote hayo aliyajua. Mjukuu wake alikuwa kitanda cha tatu kutoka dirishani.

"Spika tumezikataa," sista akasema. "Zinawaumiza vichwa. Tunataka vyombo vyenu hivihivi. Ila, baba, iwe furaha."

"Furaha haina shida," fundi akajibu, na hapo alitia chumvi.

Mjukuu mwenyewe wodini walimwita Mkaguzi. Saratani ya damu ilikuwa imemnyang'anya nywele, lakini ulimi ilimwachia wote. Hakuna sinia lililopita bila yeye kulikagua, wala daktari aliyevaa soksi zisizofanana akasalimika. Jioni ileile fundi na mkewe walikwenda kumpa habari. Akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Babu, usije."

"Kwa nini, mama?"

"Ukija na gitaa wenzangu watajua kuna mtu anakufa. Na kwa kuwa mimi ndiye mjukuu wako, watajua ni mimi."

Fundi akacheka kwa kukosa la kufanya. Mkewe akaanza kukunja shuka lililokuwa limeshakunjwa.

"Tutapiga nyimbo za kuchezeka."

"Huzijui."

"Mke mwenzangu kasema kweli," bibi akaingilia, kwa maana wawili hao walikuwa wakitaniana hivyo tangu mtoto akiwa wa kubebwa. "Mara ya mwisho kukuona ukicheza, hata hatujaoana."

Mkaguzi akafikiri. Akatoa uamuzi: atakuja, lakini atakaa mlangoni. Zikianza zile za misibani tu, anarudi kitandani na kujifunika gubigubi, na babu asije kumbembeleza.

Mazoezi yakawa vituko. Walichagua wimbo mchangamfu ambao kila mtu aliujua tangu utotoni, wakauanza kwa kasi, na kufika katikati ukawa unatembea kama mtu mwenye viatu vya kubana. Muuza nyama akimlaumu msusi kwa kuvuta maneno, msusi akimlaumu muuza nyama kwa kupiga ngoma kama anayegonga mlango wa mgonjwa. Siku moja mteja alikuja kuchukua kochi lake, akasimama mlangoni, akavua kofia. "Poleni jamani," akanong'ona. "Ni nani?" Walicheka hadi mbavu zikawauma, na mteja akaondoka bila kochi, amenuna.

Wenzake walipokwenda zao, fundi akabaki ameketi kwenye kochi lisilo na kitambaa, gitaa mapajani. Vidole vikaanza vyenyewe. Ulikuwa wimbo mpya, wa taratibu, mzuri kuliko yote aliyowahi kutunga, na alikuwa ameshafika kwenye kiitikio kabla hajatambua anamtungia nani. Akaliweka gitaa chini kwa haraka kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Alilia palepale mchana kweupe, huku watu wakipita nje. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Alijiona msaliti: mtoto anapigana, na yeye ameshaanza kumsindikiza.

Siku ya hafla ukumbi wa chakula wa hospitali ulifurika. Madirisha yote yalikuwa wazi. Watoto walikaa mbele kwenye safu yao peke yao, wamevaa kofia na barakoa. Mtaa mzima ulikuja, na hata mteja wa kochi alikuwepo. Mkaguzi, kama alivyoahidi, alikuwa mlangoni kwenye kiti cha magurudumu, na bibi yake pembeni.

Fundi akapiga moyo konde, akagusa nyuzi. Ukumbi mzima ukasimama.

Hakuna aliyewaambia. Walisikia gitaa lile, na miili ikafanya ilichozoea. Kofia zikavuliwa, mikono ikafungwa mbele, wazee wakainamisha vichwa. Msusi alifungua kinywa, sauti isitoke. Mkono wa muuza nyama ukaganda juu ya ngoma. Na vidole vya fundi, vilipouona umati umesimama namna ile, vikapunguza mwendo, vikateleza kuelekea ule wimbo wa kwenye kochi. Alijisikia akiupiga. Mtu mmoja akavuta kamasi. Kule mlangoni Mkaguzi alishika magurudumu yake na kuanza kugeuza kiti.

Fundi akazifunika nyuzi kwa kiganja.

"Mama, usiondoke," akasema mbele za watu wote. "Vidole vyangu vimezoea vibaya. Huu sitaki kuupiga. Sitaki hata kuujua."

Kiti kikasimama. Mkaguzi akautazama ule umati uliosimama wima, safu baada ya safu.

"Mmemsimamia nani?" akauliza.

Watu wakatazamana.

"Humu hajafa mtu. Nimekagua wote."

Mtoto mmoja wa safu ya mbele akacheka ndani ya barakoa yake, kisha wa pili, kisha sista, halafu ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Na kwa kuwa mmeshasimama," Mkaguzi akaendelea, "msikae. Chezeni."

Mkono wa muuza nyama ukashuka. Sijui kasi ile aliificha wapi miaka yote. Msusi akaudaka wimbo juu kwa juu, na fundi akawafuata akikosea hapa na pale, asijali, maana hakuna aliyekuwa akisikiliza makosa. Viti vilisukumwa ukutani. Daktari wa soksi alicheza vibaya kwa moyo wote. Mteja wa kochi alirusha kofia juu, haikurudi. Bibi, ambaye alidai magoti yake yalikwisha kazi zamani, alikisukuma kile kiti cha magurudumu hadi katikati ya ukumbi na kukizungusha, na Mkaguzi alikuwa akitoa amri kwa mikono yote miwili. Sista alipita na beseni la plastiki, na lilipojaa akaomba la pili. Fundi alikuwa na furaha mpaka mashavu yakamuuma.

Watu walipotawanyika, Mkaguzi akaliomba gitaa. Lilimzidi ukubwa, kidevu chake kikaegemea juu ya mbao.

"Ule wimbo uliouzima," akasema, "ulikuwa wangu, sivyo?"

Kumdanganya huyu ilikuwa kazi bure.

"Ulikuwa wako. Nilikosea, nisamehe. Mpangilio wenyewe ni mimi kutangulia. Wewe ndiye utakayenipigia."

Mtoto akamkagua usoni kwa muda mrefu.

"Mimi nitakupigia wa haraka," hatimaye akasema. "Bibi acheze."

"Nitacheza sana," bibi akasema, "tena na nguo mpya."

"Lakini sijui kupiga."

Fundi akapiga magoti mbele ya kiti. Mkono wa mtoto ulikuwa bado na plasta ya sindano. Akavishika vidole vyake vyembamba, akavipanga kimoja kimoja kwenye nyuzi, akamwambia abonyeze.

"Inauma."

"Inauma, ndiyo. Mpaka vidole viote ngozi ngumu."

"Inachukua muda gani?"

"Miezi mingi, mama."

"Miezi ninayo," akasema Mkaguzi, akabonyeza tena.