Sikujua Hata Kunawa Mikono

Picha ilipigwa jikoni kwa Yvonne, huko Nyarutarama, Kankindi akiwa anamenya ndizi. "Tabasamu, ni ya kumbukumbu," Yvonne, mabuja wake, yaani bosi wake, alimwambia, naye akatabasamu. Kumbukumbu hiyo ikaishia kwenye tovuti ya kampuni ya Yvonne, iliyotengeneza programu ya simu ya kutafutia watu wasichana wa kazi. Uso wa Kankindi ulijaa ukurasa wa kwanza, na chini yake maneno ambayo hakuwahi kuyasema: "Kabla ya kufundishwa, sikujua hata kunawa mikono."

Huko Ndera, mama wa Cyusa, kijana aliyetaka kumwoa Kankindi, alionyeshwa ukurasa huo na jirani. Posa ilikuwa imeshapangwa. Haikuja. Ulikuja ujumbe tu: mkwe asiyenawa atampikia nani? Cyusa mwenyewe akanyamaza, kana kwamba hajawahi kula chakula cha Kankindi.

Kankindi hakulia mbele ya mtu. Alipika, akafua, akaitikia "ndiyo, mabuja" kwa sauti ileile ya chini, na hasira yake akaifunika kama makaa yanavyofunikwa majivu ili yasizimike.

Nafasi ya kulipiza aliletewa na Yvonne mwenyewe. Watu walikuwa wanaufungua ukurasa na kuondoka bila kubonyeza kitu, ndipo kampuni ikamwita Telesphory, Mtanzania mtaalamu wa tovuti, aukague na kuurekebisha. Kazi yake aliifanya hivi: humkalisha mtu wa kawaida mbele ya ukurasa, humwomba aseme kwa sauti kila linalomjia kichwani, na wenye ukurasa husikiliza bila kufungua mdomo.

"Nitakuletea msichana wangu," alisema Yvonne. "Mpole huyo, hata shule ya msingi hakumaliza. Atafurahi kujiona."

Basi Kankindi akaketishwa kwenye chumba cha mikutano, ukurasa ukiwaka ukutani, wafanyakazi wote nyuma yake. Yvonne alikuwa amepitisha mandazi kwa mkono wake, kila mtu lake, kisha akakaa mbele kabisa.

"Dada, usiogope," alisema Telesphory. "Hapa hakuna jibu baya. Unaona nini?"

"Najiona."

Watu wakacheka.

"Haya, na unafikiri nini?"

Sauti ya Kankindi ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Nafikiri huyu dada amesingiziwa. Kunawa nilifundishwa na mama kabla sijaweza kubeba ndoo. Maneno haya ni ya mabuja."

"Kankindi!" Yvonne alisimama. "Hebu toka hapo, rudi nyum..."

"Samahani, mama," Telesphory alisema bila kugeuka. "Tulikubaliana. Mwenye ukurasa hajibu."

Yvonne akakaa.

Kankindi alikuwa amepanga kusema hayo tu. Lakini kumwona mabuja amefungwa mdomo mbele ya watu wake kulimkolea kama sukari, akataka zaidi.

"Nafikiri pia atakayesoma hapa ataogopa kuajiri. Nani anataka uchafu jikoni kwake? Na nafikiri mabuja akitoka chooni na simu yake, bomba hata haliangalii. Anakuja moja kwa moja kwenye mandazi."

Sangwa, mhasibu, aliacha kutafuna.

"Sasa... turekebishe nini?" Telesphory aliuliza, akijikaza asicheke.

"Sura. Yangu itoeni." Kankindi akafikiri kidogo. "Wekeni yake. Maneno yaacheni, yanamfaa."

Sura ya Yvonne haikuwekwa, lakini ya Kankindi iliondolewa mchana uleule, na maneno yake pia. Yvonne alimkuta getini amebeba begi.

"Nimekulisha, nimekuvisha, halafu unanivua nguo mbele ya wafanyakazi wangu! Watanionaje kesho?"

"Tabasamu, mabuja," alisema Kankindi. "Ni ya kumbukumbu."

Jioni, Busanza kwa dada yake, simu ikaita. Cyusa. Aliiacha ikaita mpaka ikachoka. Ukafuata ujumbe: "Mama ameona picha haipo tena. Sasa hana neno. Tuje Jumamosi?"

Kankindi aliusoma mara mbili. Kisha akaigeuza simu kifudifudi, akanawa mikono, akala.