Nzi Wasiotaka Keki

Mama Keki alikuwa akipaka krimu keki ya harusi, ameinama mpaka pua inakaribia kuonja, nzi walipoingia. Hakuna aliyetua. Walipita juu ya krimu, juu ya bakuli la sukari, juu ya maganda ya mayai, wakafika kwenye mlango wa chumba cha nyuma, wakapanga foleni na kuingia kwa chini, mmoja mmoja, bila kusukumana.

Kusema kweli, walikuwa na adabu kuliko wateja wengi. Lakini nzi ni nzi, na mama wa bibi harusi alikuwa anakuja Ijumaa kuonja. Akikuta wingu lile jikoni ataaga kwa tabasamu, na kabla hajafika kwake mtaa mzima utakuwa umeshajua. Na keki ndizo zilizokuwa zikiwalisha wote mle ndani. Mama Keki akampigia simu mtu wa kupulizia dawa.

Mpuliza dawa alikuja na bomba mgongoni, mtu mnene, mcheshi, wa kusalimia mpaka friji. Akaitazama foleni. Akainama, nzi mmoja akatua sikioni mwake, akakaa kidogo.

"Enhe?" akamwambia nzi. "Ahaa. Nimekuelewa."

Akalitua bomba chini.

"Mama, chumba hiki anakaa nani?"

"Mama mkwe. Mzima kabisa, ila miguu tu ndiyo inamsumbua."

"Ni msafi?"

"Kuliko mimi. Ananishinda mbali."

"Basi hawa hawakufuata uchafu, wamefuata hadithi. Wanasema anasimulia vizuri sana, na leo wamefika pale mwanawe alipopotea sokoni."

Mama Keki akausukuma mlango kidogo. Chumba kilikuwa kimefagiwa, shuka imenyooka. Nzi walijipanga ukutani kwa safu, wadogo mbele, wakubwa nyuma, na bibi alikuwa akiwaonyesha kwa mikono jinsi alivyokimbia akimwita mtoto. Hakuna nzi aliyethubutu kusugua miguu. Mama Keki hakukumbuka mara ya mwisho yeye aliingia lini. Sahani ya chakula alikuwa akiisukuma ndani kwa mguu, maana mikono ina unga. Akaona haya, akaurudisha mlango taratibu.

"Kupuliza naweza," mpuliza dawa akasema, "ila kesho watakuja wengine. Dawa yake ni mtu. Mmoja wenu akae naye jioni, amsikilize. Wakikuta nafasi imeshachukuliwa, hawarudi."

Mume akaitwa kutoka barazani, kete ya drafti bado mkononi.

"Jioni ndiyo muda mbaya," akasema. "Wenzangu wananisubiri."

"Na mimi nina oveni," akasema Mama Keki.

"Watoto nao wana masomo."

Hakuna aliyekataa. Bibi walimpenda sana, wote, na walilisema hilo mara kadhaa. Mume akamuuliza mpuliza dawa kama hakuna njia nyingine, na njia ilikuwepo: mpuliza dawa akazunguka nyuma ya nyumba, akaukata wavu wa dirisha la bibi, akawaonyesha nzi pa kupitia. Wakamwelewa mara moja.

Ijumaa mama wa bibi harusi alionja, akasifu jiko linavyong'aa, akaomba keki iongezwe ghorofa. Mama Keki alijisikia mwepesi, akawa anaimba peke yake huku anaosha mabati ya kuokea.

Jioni ile kicheko kikapenya ukutani. Mume akaacha kula.

"Mama anacheka."

"Anacheka kweli."

Alikaa akisikiliza, na kifua kikambana, kwa kuwa alikuwa amekisahau kicheko kile. Akainuka, akabisha hodi kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

"Nani?"

"Mimi, mama. Mwanao."

Ndani kukavuma kidogo, watu wakishauriana.

"Leo pamejaa, baba. Njoo siku nyingine."

Kifua kikamwachia. Akarudi mezani, akavuta kiti.

"Vipi?" Mama Keki akauliza.

"Anasema pamejaa."

"Afadhali," akasema, akimkatia kipande cha keki. "Ana watu."