Mtoto Niliyemnunua kwa Tufaha

Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nesi wa kutembelea wazazi majumbani, vijiji kumi na viwili chini ya mlima wa Stara Planina, na mdomo wangu umeniponza kuliko barabara zote mbovu za huko. Kwa Jagoda lakini sikuponzwa na kusema. Niliponzwa na kucheka.

Ilikuwa Oktoba, pilipili nyekundu zimetungwa kwenye kamba kila ukuta. Niliegesha gari, nikachukua begi na mizani, na kabla sijafika mlangoni dirisha likafunguliwa. Bi Stamenka, mama mkwe wa Jagoda, akatoa kichwa na furushi la nguo.

"Wee mpita njia! Simama hapohapo! Nina mtoto wa kuuza."

"Mzuri?"

"Thubutu! Mbaya, kajikunja kama pilipili ya mwaka jana. Utatoa nini?"

Nikajipapasa mifukoni. Kulikuwa na tufaha nililopanga kula njiani.

"Nina tufaha."

"Umeliuma?"

"Sijaliuma."

"Lete. Na usije kulalamika baadaye."

Biashara hii kwetu kila mtu anaijua. Nyumba ikishazika mtoto, anayefuata hupitishwa dirishani na kuuzwa kwa mpita njia wa kwanza, ili kifo kikija kuuliza kiambiwe kwamba mwenye nyumba hana mtoto. Tena lazima aitwe mbaya, kisije kikamtamani. Siku ya arobaini mama humnunua tena kwa bei ileile, na hapo ndipo humwita jina. Basi nikampokea yule binti wa siku tano, nikazunguka nikaingia kwa mlango, nikamweka mikononi mwa Jagoda na kutamka maneno yanayotakiwa: "Mwanamke, nilelee mtoto wangu mpaka siku arobaini." Nikacheka. Jagoda hakucheka, nami sikujali. Nilikuwa na wazazi wengine watatu wa kuwaona siku hiyo.

Mtoto alizaliwa na kilo tatu na gramu mia. Siku ya tano alikuwa amepungua kidogo, jambo la kawaida. Siku ya kumi na mbili alikuwa palepale. Siku ya kumi na saba nikampima mara mbili, kisha nikampigia daktari simu. Akasema kama Alhamisi hajaongezeka, aletwe hospitali mjini alazwe.

Jagoda alisikia. Akajibu kwa adabu, kama mtumishi anayetoa taarifa. "Mtoto wako amenyonya saa kumi na mbili, saa tatu na saa sita, sista. Sijamkosesha hata mara moja."

"Mtoto wangu?"

"Si ulimnunua?"

Nikakaa nikaangalia. Saa tisa ilipogonga kwenye saa ya ukutani, alimtoa mtoto kitandani kwake, amefungwa nguo kuanzia shingoni hadi miguuni, akamnyonyesha macho yakiwa kwenye saa. Dakika kumi. Mtoto bado alikuwa anafyonza alipomtoa. Hakumtazama, hakumwambia neno, akamlaza tena na kumgeuzia uso ukutani. Maziwa yalikuwapo, yalikuwa yanamlowesha blauzi. Kilichokosekana pale ni mama.

"Safari hii anafuata masharti," alisema Bi Stamenka kwa fahari. "Ile ya kwanza alinicheka." Akaenda jikoni kuchemsha kahawa.

"Ulicheka nini?" nikamuuliza Jagoda.

Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Mama mkwe mwenyewe alizika wawili. Alitaka tumpitishe Ognjen, mwanangu wa kwanza, dirishani. Nikamwambia, mama, tuko karne gani hii? Nikamcheka, sista. Aliishi siku kumi na moja tu."

"Jagoda, mwanangu, moyo wake ulikuwa na tundu tangu tumboni. Ulionyeshwa karatasi."

"Kichwa kinajua. Lakini huyu nikimshika kama wangu..." Akatazama mlangoni. "Walimpitisha barabara hiyohiyo ya kwenda mjini, hakurudi. Wasimpeleke na huyu."

Ulimi ulikuwa unaniwasha. Ningeweza kumwambia kwamba kifo hakidanganywi na tufaha, na ningekuwa nimesema kweli. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huwezi kumtibu kwa kumwelimisha habari za ung'ongo. Tena kosa lilikuwa langu. Nilimnunua mtoto, nikaweka maneno mazito juu ya mwanamke aliyefiwa, kisha nikawasha gari nikaenda zangu. Nikaona haya. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye mwenye mtoto.

"Bi Stamenka! Hebu njoo. Huyu mtoto wa nani?"

"Wako."

"Nilimlipia?"

"Tufaha. Tena lilikuwa chachu, nililila kwa taabu."

"Basi mwenye mtoto sijaridhika na malezi." Nikasimama, maana maneno kama haya hayasemwi umekaa. "Nataka mtoto wangu avuliwe haya matambara, abaki na nepi, alazwe kifuani kwa huyu mwanamke, ngozi kwa ngozi, blanketi juu, mchana na usiku. Anyonye akitaka, mpaka aachie mwenyewe. Na aongeleshwe. Mtoto wangu hajazoea kununiwa."

"Atapata baridi!"

"Kifua cha mtu ni jiko, Bi Stamenka. Au wewe ulilea kwenye ghala?"

Nilimwona akipekua kichwani masharti yote aliyorithi kwa mama yake, akitafuta panapokataza. Hakupaona. "Mwenye mali kashasema," akaguna.

"Nimwambie nini?" Jagoda aliniuliza. "Si wangu."

"Mweleze habari za mama yake. Mwambie ni mkaidi sana."

Akafungua vifungo. Nikamlaza mtoto pale, mwekundu, miguu imekunjwa. Jagoda alinyanyua mikono yote miwili hewani, kama mtu aliyebebeshwa kitu bila ridhaa. Mtoto akatulia kidogo, kisha akainua kichwa, kikayumba, kikaangukia upande wa titi, akatafuta, akapata. Mikono ya Jagoda ikashuka polepole. Mmoja ukatua mgongoni, wa pili chini ya makalio, ikabaki hapo.

Nikaitungua ile saa ukutani, nikaitia kwenye begi na kuondoka nayo.

Zile siku tatu niliogopa, sitaficha. Mizani haina huruma. Kama ingeshuka tena, mtoto angepanda gari kwenda mjini, na Jagoda angebaki amethibitishiwa kwamba mkono wake ndio unaoua. Mtoto mahututi nimewahi kumwona akipona. Mama wa namna hiyo sikuwa na uhakika naye.

Alhamisi nilimkuta Jagoda sauti imemkauka. Nikamweka mtoto kwenye mizani. Nikamtoa, nikamweka tena.

"Gramu mia na ishirini," nikasema.

"Zimepungua?" Jagoda alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Zimeongezeka!"

Bi Stamenka akatema mate kidogo pembeni, kukinga kijicho. "Ptu, mbaya huyu, mbaya!" Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Sista, turudishie saa yetu. Huyu anaongea tangu Jumatatu hanyamazi. Mtoto keshajua mpaka ugomvi wetu wa harusi."

Siku ya arobaini ilikuwa na ukungu na baridi. Nilimchukua mtoto mikononi mwa Bi Stamenka, nikatoka naye nje, nikasimama chini ya dirisha. Jagoda akalifungua.

"Wee mama mwenye nyumba! Nina mtoto wa kuuza."

"Mzuri?"

"Mbaya sana. Kanenepa ovyo."

Akaniwekea tufaha mkononi. Nikampa mtoto, naye akampokea, akamwinamia sikioni na kumwita jina lake, Nevena, kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka, akachukua tufaha lingine kwenye kizingiti cha dirisha, akaliweka juu ya lile la kwanza.

"Hili la nini? Tulikubaliana moja."

"La Ognjen," alisema. "Yule sikumpitisha."

Nyuma yake Bi Stamenka alikuwa ameinamisha kichwa. Nikalishika lile tufaha la pili, nikalirudisha kiganjani kwake na kumfumba vidole.

"Siwezi kulipokea, mwanangu. Yule hakuuzwa hata siku moja. Alikuwa wako siku zote kumi na moja."

Akalia kwa sauti, Nevena kifuani upande huu, tufaha kifuani upande ule, akiwabana wote wawili. Bi Stamenka akamshika mabega akamsogeza ndani, akasema upepo unaingia, akafunga dirisha.