Nimeegesha Pale Mbele

Kaka yangu ana maringo ya mtu mwenye gari, na gari kweli analo. Liko uani chini ya turubai, limekalishwa juu ya mawe, injini ilishakufa zamani. Kila wikiendi analifunua, analiosha, analifunika tena. Ukimuuliza, atakwambia linasubiri spea. Asubuhi anatoka na tai shingoni, ufunguo wa gari anauzungusha kidoleni, anakwenda ofisini kwa miguu. Akikutana na mtu anayemfahamu, anasema, "Nimeegesha pale mbele." Lo! Viatu vyake mimi ndiye ninayevipeleka kwa fundi. Mwenye gari gani huyo, visigino vinalika upande kama vya mchuuzi wa karanga? Nyumba nzima tunajua, na nyumba nzima tunanyamaza. Mimi nanyamaza kwa sababu naishi kwake, lakini moyoni namdharau sana.

Siku moja mchumba wa binti yake alikuja kujitambulisha. Ni fundi wa lifti, kijana mtaratibu, na alikuja na baiskeli. Kazi yake ndiyo inayotaka hivyo: watu wakikwama kwenye lifti, fundi mwenye gari naye anakwama kwenye foleni. Akaiegemeza ukutani, akakunjua suruali aliyoikunja mguu mmoja, akaingia, akatuamkia wote.

Kaka akaitikia shikamoo kwa pua. Akatupa ufunguo mezani.

"Umekuja na nini?"

"Baiskeli, mzee."

"Baiskeli!" Ungedhani amekuta unywele kwenye chai. "Na mwanangu utamweka wapi? Kwenye kerieri, kama gunia la mkaa?"

Kijana akamkazia macho, nikaona amemtambua. Angekosaje? Njia yao ya asubuhi ni moja.

"Mzee, mbona kama tunaonana pale…" Akatupa jicho kwenye ule ufunguo, akasita. "Samahani. Nimekufananisha."

Alimsitiri, jamani! Mtu mwenye haya angeshukuru kimoyomoyo, akaagiza soda. Kaka yangu ndiyo kwanza akavimba.

"Unifananishe na nani? Watu wa baiskeli mimi nawaona kwenye kioo cha pembeni tu."

"Kioo kipi, kaka?" nikauliza.

"Dada, usiingilie! Jibu langu ni hapana. Mtu asiye na gari haoi kwangu."

Binti, aliyekuwa amekaa kando yangu, akasimama. Wamependana kweli hawa, si mchezo. "Baba, mama yake anatungoja. Tulimwahidi tutakwenda leo na jibu lako."

"Nimesema hutoki hapa kwa baiskeli!"

"Sawa, baba." Akaokota ufunguo mezani, akampa kwa mikono miwili. "Basi tupeleke wewe."

Neno hilo halijawahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Kigelegele kilinifika kooni, nikakimeza.

Nilidhani kaka atamzaba kibao. Wapi! Alisimama, akanyoosha tai, akatoka uani, akavuta turubai, akaingia garini na kufunga mlango. Mtu mzima, amekaa juu ya mawe! Akazungusha ufunguo, gari lisitoe hata kikohozi. Akazungusha tena. Kijana wa watu akageuza uso, akajifanya anakagua cheni ya baiskeli.

Binti akainama dirishani. Sasa alikuwa analia waziwazi. "Baba, tunangoja jibu."

Kaka alishika usukani, macho kwenye ukuta ulio mbele yake.

"Tangulieni," akasema. "Mwambieni mama yake nimekubali. Mimi nawafuata na gari."

Binti akajifuta machozi kwa haraka, akapanda kerieri kabla baba yake hajabadili mawazo. Nikawafungulia geti, milango yote miwili, wakaondoka. Sikuifunga. Niliiacha wazi hivyo hivyo, mtaa mzima uone ndani. Si kuna gari linatoka?